Saa Yako Imefika

Palikuwa na fundi wa suti aliyeitwa Keshokutwa, na jina hilo hakupewa na wazazi wake. Alipewa na wateja. Ukimpelekea kitambaa atakupima kwa heshima zote, atakusifia mabega hata kama huna, kisha ukimuuliza nguo itakuwa tayari lini atainua macho darini kana kwamba kalenda imetundikwa kule, na kukuambia, "Keshokutwa." Ukirudi siku hiyo utakuta koti lina mkono mmoja. "Keshokutwa," atasema tena, bila chembe ya haya, na wewe utajikuta unamshukuru. Watu walimvumilia kwa sababu koti lake likikukaa mwilini unasahau kama umevaa. Mwenyewe alikuwa na msemo wake, kwamba kitu kizuri husubiriwa, na alipenda kuwaambia hasa wale wenye harusi kesho yake asubuhi.

Uchu wake wa saa ulianzia kwenye mkono wa kushoto. Wa wateja, si wake. Fundi anayejua kazi humuuliza mteja kama anavaa saa, maana shati la mvaa saa huongezwa upana kidogo kwenye mkono wa kushoto ili lisikwame. Miaka ishirini Keshokutwa alikuwa akiandika kwenye daftari lake, "Kushoto, ongeza," akiwaongezea watu wengine nafasi ya vitu ambavyo yeye hakuwa navyo. Siku moja akaja daktari wa meno kupima mashati. Mkononi alikuwa na saa ya chuma, uso wake wa buluu iliyokolea, haina vito wala makeke, imetulia pale kama mtu mwenye shamba lake. Fundi alizungusha tepu kwenye kile kifundo cha mkono mara tatu, na mara zote tatu akasahau kusoma namba.

"Hii bei gani, daktari?"

"Bei si tatizo, fundi," daktari akacheka. "Tatizo ni kuipata. Mimi nimeisubiri miaka miwili."

Hapo ndipo mwenzetu alipoharibikiwa. Angeambiwa saa ni ghali angesikitika kidogo na kuendelea na kazi. Kuambiwa haipatikani kulimkosesha usingizi.

Wiki iliyofuata alivaa suti yake bora akaenda kwenye duka la vito na saa, duka lenye zulia na mlinzi wa kufungua mlango. Nyuma ya kioo alikuwapo dada mmoja mwenye sauti tamu, sauti ya mtu aliyezoea kuwanyima watu siku nzima bila kuwakosea adabu. Fundi akaiona saa yake ndani ya kabati, ile ile, uso wa buluu.

"Naomba hiyo."

"Hiyo ni ya kuonyesha tu, baba."

"Basi nipe nyingine."

"Nyingine hakuna."

"Zinakuja lini?"

Yule dada akainua macho darini. Fundi aliitazama ile dari naye, akahisi ameshawahi kuiona mahali, ila hakukumbuka wapi.

"Hatuwezi kusema, baba. Zinatengenezwa chache. Tunakuandika kwenye orodha, unaweka arubuni, halafu tunaangalia historia."

"Historia yangu ni fupi tu. Baba yangu alikuwa fundi, na babu yangu pia..."

"Historia ya manunuzi," akasema yule dada taratibu. "Mteja aliyenunua vitu vingine hapa kwetu, huyo jina lake hupanda."

Akalipa arubuni. Zilikuwa fedha za msimu mzima wa harusi, na hakumwambia mkewe. Mkewe alikuwa mwalimu wa Kiswahili katika shule ya msingi, mama mpole asiyependa maneno mengi, lakini akikuuliza swali moja tu unajua umekwisha. Yeye kazi ya saa aliijua kuwa ni kumwambia mtu kipindi kimekwisha, na kazi hiyo shuleni kwao ilifanywa na kengele. Fundi alijitafutia jibu la kumpa siku akiulizwa, akalikosa, akaona bora asiulizwe.

Kitu cha kwanza kununua kilikuwa hereni. Alifika nyumbani na kiboksi kidogo, akakiweka mezani karibu na madaftari ya wanafunzi. Mwalimu akakifungua. Akazitazama hereni, akamtazama mumewe, akazitazama tena.

"Umefanya nini?"

"Sijafanya kitu."

"Mwanamume hanunui hereni bure, baba watoto. Niambie tu nijue nasamehe kipi."

"Nimekukumbuka tu, mke wangu."

Mwalimu akacheka, akasema hayo mambo ni ya vijana, kisha akaingia jikoni na kukaa huko muda mrefu kuliko chai inavyohitaji. Aliporudi macho yalikuwa mekundu na hereni zilikuwa masikioni. Fundi alijiona mwizi. Alijiona pia mume mzuri sana, na hisia hizo mbili, ajabu, zilikaa pamoja bila kugombana.

Baada ya hereni ukaja mkufu. Baada ya mkufu ikaja saa ndogo ya kike, kisha bangili. Mwalimu alikwenda navyo shuleni na watoto wakawa wanamwita Mwalimu Nyota. Nyumbani alianza kumwita mumewe mpenzi, hata mbele ya wageni, akawa anamsubiri mezani jioni badala ya kumfunikia chakula. Fundi alinogewa. Na kila alipokwenda dukani, yule dada alimuuliza, "Mama amekipenda?" akatia alama ya vema kwenye faili.

Miaka mitatu ikapita hivyo. Kila mwisho wa mwezi fundi aliulizia, na kila mwisho wa mwezi akaambiwa, "Karibuni hivi, baba."

"Karibuni ndiyo lini?" siku moja akafoka. "Ngoja ngoja huumiza matumbo, dada! Mtu ana kazi zake! Mtu amelipa!"

"Kitu kizuri husubiriwa," akasema yule dada.

Fundi alitoka pale amevimba. Alipofika kwenye chumba chake cha kazi alimkuta karani mmoja amekaa kwenye benchi, ameleta suruali ya kupunguzwa urefu tangu miezi minne iliyopita. Karani akauliza kwa unyonge kama iko tayari. "Keshokutwa," akajibu fundi, akawasha pasi, na moyoni bado alikuwa akimlaani yule dada kwa kukosa utu. Mkuki kwa nguruwe mtamu.

Sasa ikaja siku yenyewe. Simu ya fundi ilikuwa imezima, na dukani walikuwa na namba ya pili, ya mtu wa karibu, ambayo aliijaza kwenye fomu bila kufikiri. Mwalimu alikuwa ofisini kwa walimu akisahihisha insha simu ilipolia. Mazungumzo hayo fundi alikuja kuyajua neno kwa neno, kwa sababu mkewe aliyarudia mara nyingi sana baadaye, na sauti akiiga.

"Wewe ni mke wa fundi?"

"Ndiyo, mimi."

"Mwambie mzee saa yake imefika."

"Saa yake?"

"Imefika, mama. Jina lake sasa ndilo la kwanza kwenye orodha. Ana masaa arobaini na nane tu. Yakipita, tunamchukua anayemfuata."

"Wewe ni nani?"

"Mimi ndiye ninayeshika orodha," ikasema ile sauti tamu, na simu ikakatika.

Mwalimu aliiweka kalamu chini. Alikuja kukiri kwamba hata katika hofu ile aligundua kosa, kwamba haisemwi masaa, husemwa saa, na akashangaa kuona hata huko wanakotoka wajumbe wa namna hiyo watu hawafundishwi lugha. Kisha akaziacha insha na kutoka mbio.

Alimkuta mumewe amepiga magoti sakafuni na pini nne midomoni. Karani hatimaye alikuwa amepata zamu yake. Kwa kuchoka kusubiri alikuwa ameichukua suruali yake akawa anaivaa hivyo hivyo, na leo alikuwa ameivua ili ishonwe papo hapo, na mwenyewe alikuwa nyuma ya pazia, amejifunga kipande cha bitana kiunoni.

Mwalimu akamshika fundi mashavu kwa mikono miwili yenye vumbi la chaki.

"Unaumwa wapi?"

"Mm," akasema fundi, maana pini hazimruhusu mtu kusema zaidi.

"Usinifiche, mume wangu. Nimepigiwa simu. Najua yote." Sauti ikamkatika. "Wewe ulijua. Ulijua tangu miaka mitatu iliyopita. Ndiyo maana ukaanza kuninunulia vitu. Ulikuwa unaniaga, na mimi mjinga nacheka tu na hereni masikioni!"

Akalia. Alilia kwa sauti, mama yule asiye na maneno, akakiegemeza kichwa chake kwenye bega la mumewe. Nyuma ya pazia karani akasema, "Poleni sana, jamani."

Fundi alitoa pini moja. Akatoa ya pili. Hakuelewa kitu, ila alielewa kwamba hajawahi kuliliwa namna ile, na kwamba kuna mahali amekosea sana.

"Nani amepiga?" akauliza alipomaliza pini.

"Mwanamke. Ana sauti tamu. Amesema nikuambie saa yako imefika."

"Amesemaje?"

"Saa yako imefika! Una siku mbili!"

"Imefika?" Fundi akaruka wima. "Imefika! Saa yangu imefika! Mke wangu, imefika!" Akaizunguka meza ya kukatia, akapiga makofi, akambusu mkewe kwenye paji la uso, akagonga cherehani na hakusikia maumivu. Karani alichungulia pembeni ya pazia aone mtu anayefurahia kifo anafananaje.

"Saa!" akasema fundi, akipiga piga kifundo cha mkono wake. "Saa ya mkononi! Ya dukani!"

Mwalimu akamtazama. Akayarudia yale maneno kimya kimya, midomo ikicheza, kama anavyoipima sentensi ya mtoto kabla ya kuipa alama. Ndipo akampiga mumewe kwa mkoba begani, mara moja kwa nguvu na mara tano kwa mchezo, akacheka huku machozi bado yanatiririka.

"Kila mwaka nafundisha somo hili! Neno moja, maana mbili! Na ubaoni naandika saa! Watoto wakinisikia leo!"

Wakacheka wote, na pazia likatikisika kwa kicheko. Lakini mwalimu ni mtu wa kuifuata hoja mpaka mwisho wake. Kicheko kikampungua pole pole.

"Hiyo saa umeisubiri tangu lini?"

"Miaka mitatu."

"Na hereni ni za lini?"

Njia ya mwongo ni fupi, na hii iliishia hapo mbele ya meza ya pasi. Fundi akasema yote: orodha, arubuni, historia, jina kupanda. Alipofika kwenye bangili alikuwa anaongea na viatu vyake. Mwalimu alimsikiliza bila kumkatiza, mkono umeshika sikio, kidole kwenye hereni.

"Kwa hiyo arubuni umetoa wewe," akasema, "lakini aliyerubuniwa ni mimi."

"Nilipenda ulivyofurahi. Naapa."

Ilikuwa kweli, na ndiyo iliyomuuma zaidi, kwa sababu mahali pale, wakati ule, ilisikika uongo mtupu. Fundi akainua macho kutoka kwenye viatu. Akasema, "Siichukui. Nampigia sasa hivi, wampe anayenifuata."

"Thubutu!" Mwalimu akafuta uso kwa kiganja, chaki ikabaki shavuni. "Nimevaa madini miaka mitatu kwa ajili ya saa hiyo, leo usiichukue? Vaa koti. Twende nikaone nimefanyia kazi nini."

Wakaondoka. Hakuna aliyemkumbuka karani.

Dukani yule dada aliwapokea kwa furaha. "Kumbe ndiye mama mwenyewe! Tunakufahamu sana, mama, tunakufahamu kwenye faili."

"Naomba nilione," akasema mwalimu, kwa sauti ambayo darasa zima huitii.

Faili likafunguliwa. Mwalimu akalisoma kama asomavyo ripoti ya mwanafunzi, mstari kwa mstari. Hereni, hatua ya kwanza, vema. Mkufu, hatua ya pili, vema. Saa ya kike, hatua ya tatu. Bangili, hatua ya nne. Kila siku aliyoingia jikoni kulia kwa furaha ilikuwa pale, na tarehe yake.

"Nimefaulu vizuri," akasema. "Nilidhani mimi ni mke, kumbe ni ngazi."

Yule dada aliinama akapanga kalamu zilizokuwa zimeshapangwa. Kisha akaileta saa kwenye mto wa kitambaa laini na kumfunga fundi mkononi.

Ilikuwa nzuri. Tusimwonee mtu wa watu, saa ilikuwa nzuri kweli. Uso ule wa buluu ulibadilika kila alipogeuza mkono, na mkanda ulikaa kwenye ngozi kama umeshonwa na yeye mwenyewe siku aliyokuwa na akili zake zote. Aligeuka amwone mkewe amefurahi, kama alivyozoea miaka hii mitatu. Mwalimu akaushika mkono wake, akauinua kwenye mwanga.

"Nzuri," akasema. "Kwa kweli ni nzuri." Alisema bila kejeli yoyote, na fundi akatamani angetukanwa.

Walitembea kurudi. Mtaa ulikuwa na watu, na kwa mara ya kwanza fundi alikuwa na saa ya kuwaonyesha, naye akaiingiza ndani ya mkono wa koti. Walipofika kwenye kona akasimama.

"Unataka nini, mke wangu? Sema chochote. Kisiwe cha duka lile. Kisiwe cha orodha ya mtu yeyote."

Mwalimu naye akasimama. "Miaka ishirini na minne tuko pamoja," akasema. "Hilo swali umeliuliza leo."

"Nimeliuliza."

"Twende kwako kazini."

Walimkuta karani kwenye benchi, bitana kiunoni, amejitengenezea chai kwa birika la fundi. "Fundi," akasema kwa upole wa mtu asiye na suruali, "yangu vipi?"

Fundi akafungua kinywa kwa mazoea, akaona jicho la mkewe, akakifunga.

Mwalimu akavuta kigoda mpaka kwenye rafu kubwa ya vitambaa. Pale kila kitambaa kilikuwa kimebandikwa karatasi kwa pini: jina la mteja, tarehe, na neno moja la kumkumbusha fundi. Harusi. Safari. Mkali. Mwalimu akapanda, akasogeza suti ya mtu, akasogeza mapazia ya ofisi fulani, akaingiza mkono mpaka bega, na kutoka nyuma kabisa akavuta kifurushi kilichofungwa kwa uzi. Alijua kilipo bila kutafuta. Akashuka, akakifungua juu ya meza. Ilikuwa hariri ya zambarau, aliyoinunua miaka sita iliyopita kwa posho ya kusahihisha mitihani, mwaka mtoto wao mdogo alipomaliza shule ya msingi, akampa mumewe amshonee gauni. Mikunjo ilikuwa imeshafifia rangi pembeni.

Fundi aliikumbuka. Kwa kweli hakuwa ameisahau hata siku moja, alikuwa akiisogeza tu. Akaiona na karatasi yake, imeshikwa na pini iliyoota kutu, na mwandiko ulikuwa wake mwenyewe, umenyooka, hauna wasiwasi.

*Mke wangu. Hana haraka.*

"Mwaka wa pili nilikuja kufagia hapa nikaiona," akasema mwalimu. "Nikasema haya, kama ameandika hivyo basi ndivyo nilivyo."

Fundi alitaka kusema samahani, lakini neno lenyewe lilikuwa dogo kuliko miaka sita. Karani akaweka kikombe chini polepole asitoe sauti.

Mwalimu akafungua mkoba, akatoa kalamu nyekundu. Akaichomoa ile karatasi kwenye pini, akailaza mezani, akainama kama anavyoinama juu ya daftari la mtoto anayempenda na aliyekosea. Akakata herufi moja tu, ya kwanza katika neno moja tu, kwa mstari mfupi. Akamsogezea.

"Soma."

Fundi akasoma. Aliyafuata maneno kwa kidole kama mwanafunzi.

"Mke wangu. Ana haraka."

"Sasa ni sahihi," akasema mwalimu.

Fundi akaivua saa, maana chuma hunasa nyuzi za hariri, akaiweka kwenye kisanduku cha vifungo. Kisha akachukua tepu shingoni na kumwomba mkewe ainue mikono.